Diski imejaa? Soma herufi kwanza!

Leo nina kisa kutoka nyumbani Mosocho, na ndani yake kuna somo kwa yeyote mwenye kompyuta ya zamani.

Mama mdogo ana kibanda cha kupiga chapa na kutoa nakala pale sokoni, dakika chache kwa matatu kutoka Kisii mjini. Laptopu yake ni ya mtumba, inatumia Windows 10 na haina nguvu za kubeba Windows 11. Mwezi uliopita fundi mmoja aliisafisha na kuiwekea Windows upya. Tangu siku hiyo, kila baada ya dakika chache onyo linachomoza pembeni: nafasi ya diski inaisha!

Akaanza kufuta. Kwanza nyimbo, kisha barua za wateja, mwisho picha. Onyo halikuondoka. Aliponipigia simu nilimuuliza, "Mama, umefuta picha zipi?" Akanyamaza kidogo. "Za babu yako, mwanangu. Zile za mwaka wa mwisho." Babu hayupo tena, na picha hizo hazikuwa mahali pengine popote.

Nilimwambia aizime mashine na asiiguse. Jumamosi nikapanda matatu.

Nilipoiwasha, kitu cha kwanza nilichosoma ni onyo lenyewe. Halikusema C, lilisema E! Diski C ilikuwa na gigabaiti 41 tupu. E ilikuwa na megabaiti 450 kwa jumla, karibu zote zimejaa. Hiyo si diski ya mtumiaji. Ni kile kipande kinachofichwa, chenye programu za kuokoa Windows ikiharibika. Kimetengenezwa kikiwa karibu kujaa, na kwa kawaida hakina herufi, kwa hiyo hakionekani. Kikipewa herufi, Windows inakihesabu kama diski nyingine yoyote na kuanza kulalamika. Mwaka 2018 jambo hili liliwapata watu wengi duniani baada ya sasisho la Windows 10 toleo la 1803.

Kwa maneno mengine, mama mdogo angeweza kufuta kila kitu kwenye C na onyo lisingeondoka.

Sikuanza na onyo lakini, nilianza na picha. Kwenye diski ya kawaida inayozunguka, faili likifutwa linaondolewa kwenye orodha tu. Data yake hubaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Ndiyo maana nilimkataza kuitumia. (Kwenye SSD bahati ni ndogo zaidi, kwa sababu mara nyingi vipande vilivyofutwa husafishwa mapema.) Niliendesha PhotoRec, programu ya bure, kutoka kwenye flashi, na kuhifadhi matokeo kwenye diski ya nje. Kamwe usihifadhi kwenye diski ile ile unayoiokoa!

Baadaye nikaondoa herufi. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, kisha andika:

1. diskpart
2. list volume (tafuta namba ya kipande chenye E, na uhakikishe ukubwa wake)
3. select volume, ikifuatwa na namba hiyo
4. remove letter=E
5. exit

Usikifute kipande chenyewe, siku moja utakihitaji. Na usifuate ushauri wa kuzima maonyo yote, kwani siku C itakapojaa kweli hutaambiwa.

Onyo likatoweka. PhotoRec ilichukua saa nne hivi, tukanywa chai mara mbili. Picha zilirudi bila majina yake ya asili, zikiwa zimechanganyika na vipande vya matangazo ya wateja. Za babu tulipata nyingi, si zote. Ile aliyosimama kwenye migomba akicheka ilifunguka nusu: uso upo, chini ni kijivu kitupu. Mama mdogo aliitazama muda mrefu, kisha akasema, "Uso unatosha." Akaniomba niichapishe papo hapo.

Basi, onyo likija, soma herufi kabla ya kufuta chochote. Na picha za wazee wenu, wekeni nakala sehemu mbili. Leo, si kesho.