Magofu ya Caradon

Katika nchi ya Cornwall, Uingereza, baba na mama na binti yao mdogo walikuwa wakitembea karibu na kilima cha Caradon, nyikani pasipo miti. Binti alichoka, akaomba kubebwa. Wakapumzika chini ya kuta ndefu zisizo na paa.

"Baba, hii ni ngome?"

"Sivyo, mwanangu. Humu mlikuwamo mtambo wa mvuke wa kuvuta maji shimoni, watu wapate kuchimba shaba, iliyoonekana hapa mwaka 1836. Zamani hizo watoto nao walifanya kazi machimboni, wakivunja mawe kwa nyundo kutwa."

"Na jioni, nani aliwabeba?"

"Hapana mtu. Walirudi kwao kwa miguu."

Binti akanyamaza kitambo, akiitazama mikono yake. Kisha akasimama, akatangulia njiani.