Mmea wa Bibi, Kibiti

Nyumba ya bibi yangu pale Kibiti ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa makuti. Miaka ya 1980, nilipokuwa nikipelekwa kwake kila shule zikifungwa, barabara ya kwenda Kilwa na Lindi ilikuwa bado ya vumbi, na watu wakishuka kwenye basi walikuwa na rangi moja, ya udongo. Nyumba nyingi za jirani zilikuwa na asumini mlangoni au mrehani uani. Bibi alikuwa navyo vyote viwili. Lakini barazani, pembe ya ndani isiyofikiwa na jua, aliweka chungu kilichotoboka kitako, na ndani yake mmea ambao sikuwahi kuuona kwa mtu mwingine.

Fito zake zilisimama wima, nene kule chini, na kila ufito ulibeba vijani vinene vilivyopangana huku na huku. Viling'aa hata siku ya vumbi. Mbuzi walivionja mara moja wakaviacha. Jirani aliyepita kusalimia hakukosa kuuliza, "Hiyo dawa ya nini, mama?" Bibi hujibu, "Ya macho. Naitazama."

Bibi na babu hawakuzaliwa Kibiti. Walikuwa watu wa bondeni, waliolima mlau kwenye udongo ulioachwa na maji ya Rufiji yanapopungua. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu wa bonde kwenda nchi ya juu, katika mpango ulioitwa Operesheni Rufiji. Huko juu ardhi ni mchanga, na wakati ule palikuwa na vichaka vizito. Babu akafyeka apate kupanda mikorosho. Bibi alinisimulia kwamba jioni moja, kabla ya kufyeka kipande cha mwisho na kukichoma, aliingia kichakani kuokota kuni, akaona chini ya miti, mahali penye giza mchana, mashina kadhaa ya mmea huu yamejikusanya. Alichimba kwa jembe lake la mkono, akakuta kila shina limekaa juu ya kiazi kikubwa kuliko alivyotazamia. Akachukua kimoja, akakifunga kwenye kanga. Asubuhi pakachomwa.

Sijasikia kwamba alipanda kitu kingine chochote ambacho hakiliwi wala hakinukii. Naamini alijua alichokuwa akikifanya. Mtu aliyewahi kuambiwa ahame kwao hahitaji kufundishwa maana ya kung'olewa.

Kuutunza alinifundisha yeye. Udongo alichanganya mwenyewe: mchanga wa njia ya maji, makumbi ya nazi yaliyooza na pumba za mpunga kidogo. Udongo wa bondeni, ule mweusi unaoshika maji na kusifiwa na kila mkulima wa mpunga, aliukataa kabisa kwa chungu hiki. Nikishika kata ya maji alinizuia. "Mke mwenzangu," aliniambia, kama mabibi wa pwani wanavyowatania wajukuu zao wa kike, "huruma ikikujaa kamwagilie mchicha." Kwanza nitumbukize kidole mchangani mpaka kizame, nikihisi ubaridi, niache. Masika yakianza tulikiburura chungu hadi ukutani, mbali na mchirizi wa makuti, kwa sababu maji mengi ndiyo hasa yanayoua mmea huu. Kiazi hulainika, kikaanza kunuka, na ukija kuona fito zimelala ujue chini hakuna kitu tena. Jua kali nalo hubabua vijani vikawa na mabaka ya manjano. Kivuli chenye mwanga ndicho kinachoutosha.

Nilielewa thamani ya mmea usiotaka maji mengi tulipokuwa tukishuka delta. Familia nyingi za upande wetu zilikuwa na nyumba juu na shamba la mpunga chini, na mpunga ukishika, watu walihamia shambani wakaishi kwenye madungu. Dungu ni kibanda kilichosimamishwa juu ya nguzo ndefu. Unapanda kwa ngazi, unalala juu, unapika juu, na usiku unasikia maji yanapita chini yako. Mchana watoto tulipiga makopo kufukuza ndege. Usiku wakubwa waliwasikilizia nguruwe na viboko. Upande wa baharini ilikuwa mikoko, michu na mikandaa hadi macho yanapoishia. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Maji kujaa yalisukuma chumvi hadi ndani ya vijito, na maji ya kunywa yalifuatwa mbali kwa mtumbwi. Hapo hakuna anayefikiria kumwagilia maua.

Chungu kilibaki Kibiti, hakina mwangalizi. Tukirudi baada ya kuvuna tuliukuta mchicha umekwisha kitambo na mrehani umebaki vijiti. Mmea wa bibi ulikuwa umesimama. Ulikuwa umedondosha baadhi ya vijani, na hivyo ndivyo alivyoviokota kwanza, kabla hata ya kufagia. Kijani kimoja kikilala juu ya mchanga wenye unyevu kidogo, kwenye kitako chake huota kiazi kidogo, na kutoka kwenye kiazi hicho huja mmea kamili. Huchukua miezi mingi, wakati mwingine karibu mwaka, na muda wote huo kwa juu huoni lolote. Bibi alivichomeka kwenye makopo ya maziwa na kuyapanga nyuma ya mtungi. Kila binti wa ukoo aliyeolewa aliondoka na kopo moja.

Ua lake nililiona nikiwa na umri wa kwenda madrasa. Bibi aliniita, akaniambia nichuchumae nitazame usawa wa udongo. Kwenye shina, chini kabisa, lilitokea gunzi dogo la rangi ya maziwa mgando, limefunikwa nusu na jani la kijani lililokunjuka nyuma. Halikuwa na harufu niliyoweza kuisikia. Baadaye, nikiwa mtu mzima, nilisoma kwamba kile kitu si ua moja bali ni maua mengi madogo mno yaliyobanana: ya kike chini, ya kiume juu, na katikati ukanda wa maua yasiyozaa. Yakishika mimba hutoa tunda jeupe. Wengi wanaokaa na mmea huu miaka na miaka huapa kwamba hautoi maua kabisa, kwa sababu hawajawahi kuinama.

Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia. Ni wa ukoo mmoja na magimbi, na ndiyo maana utomvu wake huwasha mdomo na ngozi kama gimbi bichi. Asili yake ni ukanda wa mashariki ya Afrika, kuanzia Kenya, kupitia kwetu na Zanzibar, hadi Afrika Kusini. Jenasi yake nzima ina spishi hii moja tu. Kitalu cha Loddiges cha London kiliutangaza mwaka 1829. Jina linalotumika leo liliwekwa na Mjerumani Adolf Engler mwaka 1905, mwaka uleule ambao Wamatumbi, kusini tu ya Rufiji, walianza vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Kijerumani. Mambo hayo mawili hayahusiani, lakini siwezi kuyasoma bila kuyaweka pamoja.

Siri ya kuishi bila maji nayo imeelezwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mmea huu unaweza kufungua vitundu vya majani yake usiku, ukavuta hewa ya ukaa wakati wa baridi, ukaihifadhi, kisha mchana ukafunga milango na kuitumia kwa usanisinuru. Hivyo haupotezi maji juani. Nanasi hufanya vivyo hivyo, lakini nanasi huota juani. Huu huota chini ya msitu ambao miezi ya kiangazi hukauka kabisa, na hapo ndipo kiazi, fito nene na desturi hii ya usiku vinapofanya kazi pamoja.

Mwaka 1996 wenye vitalu wa Uholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi. Leo umejaa maofisini duniani kote, kwa jina la herufi mbili, ZZ. Mara ya kwanza kuuona Dar es Salaam ulikuwa ndani ya benki, kwenye chombo cheupe, chini ya kiyoyozi. Nilisimama mbele yake hadi mlinzi akaniuliza kama nina shida. Sasa wauza maua wa barabarani wanao, na nimewasikia wakiwaambia wateja kwamba ni ua la Ulaya.

Jambo hili linaniuma, na si kwa ajili ya fahari. Mimea ya vitaluni huzalishwa zaidi kwa kugawa viazi na kupandikiza vijani, kwa hiyo mingi ni nakala za mama wachache. Ile iliyotokana na mbegu, inayotofautiana mmoja na mwingine, imebaki kwenye misitu yetu ya pwani, na misitu hiyo sasa ni vipande: Mchungu karibu na Nyamisati, Ngumburuni karibu na Ikwiriri, na vingine visivyo na ulinzi wowote. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003 lilitutoa kwenye adha ya pantoni, nalishukuru kila ninapolipita. Lakini barabara ileile hupitisha magunia ya mkaa, na vichaka vinafyekwa kwa ajili ya ufuta. Mkulima ana haki ya kulima. Ila kivuli kikiondoka mmea huu hubabuka mara moja, na hakuna chungu cha benki kitakachorudisha kilichopotea.

Bibi amefariki. Mmea ninaoutunza Mbagala ni mjukuu wa ule aliouokoa, na bado nauwekea mchanga kuliko mbolea.

Wewe unayefyeka shamba jipya Bungu, Mchukwi au Jaribu Mpakani, kabla hujawasha moto pita chini ya vichaka. Ukiyaona majani mazito yanayong'aa, yaliyopangana huku na huku juu ya ufito ulionenepa kitako, chimba na kiazi chake, nawa mikono, ukipande chini ya mkorosho au barazani pasipo na jua, na usikimwagilie mpaka mchanga ukauke. Ile iliyo ndani ya msitu wa hifadhi iache palepale.