Tulipozing'oa Injini za Liemba

Mtu wa Lushoto akitaka kuona meli huteremka Tanga. Mimi nilipelekwa mbali zaidi. Nilikuwa kijana wa Kisambaa, kazi ya boila nimejifunzia kwenye kiwanda cha mbao huku milimani, shirika la reli likanichukua kama fundi msaidizi na kunipangia Kigoma. Basi hadi Mombo, kisha garimoshi: Korogwe, Ruvu, na reli ya kati mpaka inapoishia, ziwani. Joto la kule lilinitesa. Mgebuka wa kuchoma ndio ulionibakiza.

Ilikuwa nusu ya pili ya miaka ya 1970, na Liemba ilikuwa inatolewa kwenye mvuke na kuwekwa dizeli. Meli ile ilijengwa mwaka 1913 na kampuni ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makasha 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa bara. Ilipounganishwa na kushushwa majini mwaka 1915, vita ilikuwa imekwisha kuwaka.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mzee mmoja wa Ujiji, msimamizi wa zamu yetu. Julai 1916 Wajerumani waliona Kigoma inawaponyoka. Mafundi wa Meyer, waliotoka nayo kwao, waliambiwa waizamishe. Walipaka injini grisi nzito, wakaijaza meli mchanga, wakaizamisha taratibu kama watu wanaoweka akiba. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Miaka minane chini ya maji, na injini zikakubali kuwaka!

Siku tulipofungua kifuniko cha silinda ya kwanza, mzee aliniita.

"Wee Msambaa, hebu pitisha kidole hapa."

Nikapitisha. Chuma kilikuwa laini, hakina mkwaruzo wa kushika ukucha.

"Umeona, mzee," nikasema.

"Mimi nimeona zamani. Wewe niambie kinaumwa nini."

Sikuwa na jibu, na kazi ikaendelea. Bolti nyingine zilikataa spana mpaka tukazipasha moto kwa gesi. Yule mzee hakugusa hata moja; alisimamia tu, mikono nyuma. Sababu za kubadilisha zilikuwepo, sikatai, na agizo halikutoka kwetu. Lakini mpaka leo nasema waliotumwa kuizamisha waliionea huruma injini ile kuliko sisi tuliotumwa kuikarabati.

Dizeli ilipowashwa, sakafu ya chuma ilitetemeka mpaka magotini. Chumba ambamo zamani mlizungumza bila kupaza sauti sasa kilitaka ishara za mikono. Abiria hawakujali. Mwenye magunia ya dagaa wa kushusha Kipili au Kasanga anachotaka ni kufika.

Nilikuwa nimekwisharudi Lushoto mwaka 1997, niliposikia redioni kwamba Liemba inawarudisha kwao wakimbizi wa Kongo. Ilibeba zaidi ya 75,000. Mvuke ungeiweza kazi ile? Yule mzee angeapa kwamba ungeiweza. Mimi, niliyewahi kutafuta vipuri vyake, nadhani tungekwama safari za mwanzo tu.