Mlio Masikioni mwa Fundi

Yuko mgeni mmoja aliyeingia nyumbani mwetu mwaka 2008, naye hajaaga mpaka leo. Hali chakula, hadai kitanda, wala jirani hamwoni. Lakini hanyamazi hata punde. Mgeni huyo ni mlio wa masikioni. Mara nyingi hulia kama nyenje wa kiangazi, mara nyingine kama birika la chai lililosahauliwa motoni. Nasi tukisema "sisi", msomaji asidhani kwamba tu kundi la watu. Ni fundi seremala mmoja wa Masisi pamoja na mlio wake, na wawili hao hawajapata kuachana.

Kazi yetu ni mbao. Tulifundishwa na mjomba, katika siku zile ambazo gogo liliinuliwa juu ya jukwaa, mtu mmoja akasimama juu na mwenzake chini, wakavutana msumeno tangu asubuhi hata jua kuzama. Aliye chini alikula unga wa mbao kuliko ugali. Lakini msumeno ule ulipumua polepole kama ng'ombe aliyelala, na watu wawili waliweza kuzungumza habari za mahari na za mashamba bila kupaza sauti. Baadaye ukaja msumeno wa mnyororo, ule wa petroli. Siku ya kwanza tulipouwasha, ng'ombe wote wa kilima cha pili waliinua vichwa vyao, nasi tulijiona wakubwa. Kazi ya juma zima tuliimaliza kwa siku moja. Jioni masikio yalilia kwa muda wa saa moja hivi, kisha yakatulia; asubuhi tuliamka wazima. Tulidhani ni uchovu tu, kama viganja vinavyotoka malengelenge. Kumbe kiganja huota sugu, lakini sikio haliwezi kuota sugu. Tulifanya kazi hivyo miaka tisa, wala hatukuziba masikio hata kwa pamba.

Basi, miaka ile fedha ilikuwa Walikale. Tangu mwaka 2002, watu walipoanza kuchimba kasiterite, yaani madini ya bati, katika mlima wa Bisie, msitu ule uliingiwa na wachimbaji, wachuuzi, askari na wapagazi. Wapagazi walibeba magunia ya kilo 50 hivi mabegani, wakatembea siku mbili msituni mpaka kuifikia barabara. Na penye watu wengi na fedha hutakiwa milango, meza, vitanda na majeneza. Mfanyabiashara mmoja alituita tumjengee duka na ghala. Njia ya kutoka Masisi kwa Nyabiondo ilikuwa matope mpaka magotini, na penye matope kidogo palikuwa na watu wenye bunduki. Ikawa hatuna budi kwenda kwa ndege.

Msomaji aliye mbali asicheke akisikia kwamba fundi wa mbao alipanda ndege kwenda kazini. Katika nchi yetu maskini aliweza kuona ndege kila siku, naye gari akalikosa mwaka mzima. Ndege hizo ndogo ziliondoka Goma na bia, mchele na sabuni, nazo zilirudi na mawe ya bati. Na hazikutua katika uwanja. Zilitua barabarani pale Kilambo, penye kipande cha lami kilichonyoka; baiskeli na mbuzi waliondolewa, ndege ikashuka, na baada yake watu wakaendelea na safari zao. Wazee wa kwetu waliposikia tunakwenda huko kwa ndege, waliwakumbuka askari wa Ubelgiji walioshuka kwa miavuli mjini Stanleyville, ambao leo ni Kisangani, tarehe 24 Novemba 1964. Mmoja wao akatuuliza kwa huruma kabisa kama nasi tutasukumwa mlangoni na mwavuli wetu. Tulimjibu kwamba mwavuli tulio nao ni ule wa mvua.

Siku ya safari tulikuwa na mafua makali. Mtu mwenye busara angaliahirisha. Lakini nauli ilikwisha kulipwa, na tajiri hangojei kamasi za fundi. Tuliketi juu ya magunia ya mchele, kando ya mama mmoja mchuuzi wa vitenge. Kupanda hakukutusumbua. Taabu ilikuja wakati wa kushuka. Goma iko juu kiasi cha mita 1500, na ndege hupita juu zaidi ili kuivuka milima ya Masisi. Lakini bonde la msitu wa Walikale halifiki mita 1000. Ndege ndogo za namna ile hazifungwi hewa ndani kama ndege kubwa za Ulaya. Hewa ya nje ikiwa nyepesi, ya ndani ni nyepesi. Ya nje ikiwa nzito, ya ndani huwa nzito vilevile. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, na chumba hicho kina mfereji mwembamba unaoshuka mpaka nyuma ya pua. Mtu akimeza mate au akipiga miayo, mfereji hufunguka na hewa ikasawazika. Lakini mwenye mafua mfereji wake umevimba na kuziba; hivyo hewa nzito ya nje huikandamiza ngoma ya sikio kama mtu anayeusukuma mlango uliofungwa kwa ndani.

Yule mama alitazama uso wetu, akachota njugu katika mfuko wake. "Tafuna, fundi. Tafuna na kumeza, usiache." Tulitafuna njugu zake zote. Sikio la kuume likafunguka. La kushoto likaungua kama limetiwa kaa la moto, kisha likapiga kishindo kidogo ndani. Tulipokanyaga lami ya Kilambo, dunia nzima ilikuwa kama iko chini ya maji, na nyenje alikwisha anza kuimba.

Tukajiambia kwamba ataondoka asubuhi kama siku zote. Hakuondoka. Juma la pili malaria ilitulaza, tukapewa kwinini, na hapo mlio ukawa mara mbili, wa sikio hili na wa lile. Mwuguzi alisema hiyo ni dalili kwamba dawa imeingia. Kwa hilo hakutudanganya: kwinini, ambayo hutolewa katika magome ya miti iliyopandwa Kivu kwetu, na ambayo kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimeitengeneza miaka mingi, hujulikana kwa kuyaliza masikio ya anayeinywa. Mara nyingi mlio wake hukoma dawa ikiisha. Kwetu sikio la kuume lilitulia kweli. La kushoto liliendelea.

Sasa tufikie jambo ambalo kwa muda mrefu hatukutaka kulisema. Tulikuwa na kijana mwanafunzi wa kazi, wa miaka kumi na minane, mtoto wa mama mjane wa upande wa Mushaki. Alituita Yaya, ingawa hatukuwa ndugu wa tumbo moja. Siku moja tulikuwa tukiangusha mvule karibu na mto Lowa. Mti ulikwisha kuinama, msumeno umezimwa, nasi tumerudi nyuma hatua chache, tukiutazama. Juu yetu tawi moja kavu lilikuwa limening'inia kwa kamba za msituni. Kijana aliliona likikatika. Akapiga kelele: "Yaya, toka! Yaya!" Alituambia baadaye kwamba aliita mara tatu. Sisi hatukusikia ila nyenje. Kwa kuwa hatukugeuka, alikimbia akatusukuma, tukaanguka katika majani, na tawi likampiga yeye begani. Mfupa wa mtulinga ulivunjika.

Alipona, ashukuriwe Mungu. Lakini bega lake halikurudi kama lilivyokuwa, wala hawezi tena kupiga randa siku nzima. Tulikwenda wenyewe kwa mama yake na mbuzi wawili. Mama yule alitukaribisha, akatupa maziwa ya mgando, wala hakutulaumu kwa neno lolote. Ingalikuwa afadhali angetulaumu. Maana tulijua lililo kweli, kwamba masikio yetu yalikuwa mabovu tangu juma la kwanza, nasi tuliificha habari hiyo kwa hofu ya kukosa kazi. Nani amtakaye fundi kiziwi? Ndivyo tulivyofikiri, na gharama ya fikira hizo alilipa mtoto wa mwingine.

Ndipo tulipokwenda kumwona daktari wa masikio huko Goma. Kabla yake tulikwisha kupita kwa watu wengine: mmoja alitutia mafuta ya moto sikioni (msomaji asikubali hata siku moja), mwingine alisema mlio ni sauti ya marehemu anayedai deni. Daktari alitazama kwa taa yake akasema ngoma ya sikio ilikuwa imepasuka na kujifunga yenyewe. Safari ya ndege si kisa kikubwa. Kisa kikubwa ni msumeno. Ndani kabisa ya sikio, alieleza, kuna kitu kilichojisokota kama nyumba ya konokono, na ndani yake vinywele vidogo sana visivyoonekana kwa macho, ambavyo huipokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele kubwa huvilaza kama mtama uliopigwa na mvua ya mawe. Vikilazwa mara chache husimama tena. Vikilazwa kila siku hufa, na vikifa haviоti tena. Ubongo, kwa kuwa haupati habari kutoka upande ule, hujitungia sauti yake wenyewe.

Kisha alichukua kalamu akatufanyia hesabu. Kelele hupimwa kwa desibeli. Kelele ya desibeli 85 mtu aweza kuivumilia saa 8 kwa siku. Ikizidi kwa desibeli 3 tu, muda hukatwa nusu: desibeli 88 saa 4, desibeli 91 saa 2, na kuendelea hivyo. Msumeno wa mnyororo hufika kiasi cha 110. Tulihesabu pamoja naye mpaka mwisho wa karatasi, tukaona kwamba haki yetu kwa siku ilikuwa haifiki hata dakika mbili. Sisi tulikuwa tukiutumia tangu chai ya asubuhi mpaka jioni, kwa miaka tisa.

Tulimwomba dawa. Alijibu kwa upole kwamba dawa ya kuuondoa mlio wa namna hii haijapatikana, wala hapa wala Ulaya, na atakayetuuzia ni mwizi. Alichotupa ni shauri. Tuvae vifuniko vya masikio kazini. Tusikae mahali penye kimya kabisa wakati wa kulala. Tena tusiutegee mlio masikio usiku, maana ukisikilizwa huongezeka.

Shauri la pili lilikuwa gumu kuliko tulivyodhani. Milima ya Masisi ina sifa ya utulivu wake: malisho, ukungu, ng'ombe, na kimya. Watu wa mjini hukitamani kimya hicho. Kwetu kimekuwa adui. Katika msitu wa Walikale, ambako vyura, wadudu na mvua havikomi usiku kucha, tulilala kama watoto. Tuliporudi kwetu milimani tulikesha. Mara mbili tuliamka usiku wa manane tukavaa viatu, tukidhani kengele ya misa imelia, na mara moja tulifika mpaka mlango wa kanisa. Mlinzi alitupa kiti karibu na moto wake, hakuuliza kitu. Sasa tunalala na redio ndogo iliyofunguliwa chini kabisa, si penye maneno wala nyimbo, bali pale katikati ya stesheni mbili penye mvumo kama wa mvua. Mama watoto alilalamika mwezi mzima; siku hizi, betri zikiisha, ni yeye anayekosa usingizi. Mvua ya kweli ikipiga mabati, hatuhitaji redio.

Mwalimu mmoja wa kwaya, alipojua tumeacha kuimba kwa sababu sauti nyembamba za watoto hatuzisikii tena, alituambia habari za Beethoven, mtunzi yule wa muziki wa Ujerumani. Mwaka 1801, akiwa kijana bado, alimwandikia rafiki yake daktari kwamba masikio yake yalikuwa yakivuma usiku na mchana. Baadaye akawa kiziwi kabisa, naye akaendelea kutunga. Hatukujilinganisha naye, sisi hutunga viti. Ila tulirudi katika kwaya, tukasimama karibu na besi mmoja mwenye kifua kikubwa, nasi huishika sauti kwa kuuweka mkono juu ya benchi anapoimba.

Kazini tumebadilika. Msumeno wa mnyororo tunautumia kwa kuangusha na kukata magogo tu, na vifuniko masikioni. Kupasua ni kwa mkono tena, kwa msumeno wa mjomba. Tunapata mbao chache, na wateja wengine wametuacha. Mwanafunzi wa kazi hashiki kitu kabla hajatufunga kamba kiunoni, mwisho wake akaushika yeye. Akivuta, tunatoka, bila kuuliza. Hapo mwanzo wapita njia walicheka, wakasema fundi amefungwa kama mbuzi wa sokoni.

Lakini kamba haisaidii usiku. Januari 2025 vita ilipoingia Masisi na Goma, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na Machi ikafika hata Walikale mjini, kila nyumba ya kwetu ililala imetega masikio. Watu walizijua bunduki kwa mlio wake, na umbali wake, kama wajuavyo ndege wa shambani. Sisi hatukuweza. Mlio wa mbali ulimezwa na mlio wa ndani. Na mara nyingine tuliruka kitandani na hapakuwa na kitu. Binti yetu wa miaka kumi na mmoja aliliona hilo kabla hatujamwambia. Akahamisha mkeka wake, akaulaza karibu na mlango. Tulipoamka usiku na kuuliza gizani, "Kumetulia?" alikuwa akitujibu, "Kumetulia, Papa, ni mbwa tu," nasi tulijilaza tena. Hata sasa mkeka wake uko palepale, na kila usiku kabla ya kuwasha redio twamwuliza, naye hunyamaza kwanza, asikilize, ndipo ajibu.