Mkebe wa foto kule Mwadingusha

Jumamosi iliyopita tulitoka Likasi mapema, sisi saba ndani ya gari moja, kwenda kuwasalimu wenzetu wa kikundi cha Mwadingusha. Vumbi la njia ile mnalijua. Tulifika wekundu kama matofali, na wenyeji walitucheka kwanza ndipo wakatupa maji ya kunawa.

Mwadingusha ni mahali pa maji. Union Minière walizuia mto Lufira hapo, na mwaka 1930 mashini zikaanza kutoa umeme kwa ajili ya migodi. Nyuma ya ukuta likatokea ziwa Tshangalele, ambalo samaki wake tunawala mpaka leo. Hatukurudi mikono mitupu.

Lakini habari tuliyorudi nayo ilitoka kwa mama aliyetupikia bukari. Marehemu mume wake alifanya kazi kwenye mashini za umeme, na alipenda mpira kuliko chakula. Ni mama mwenyewe aliyesema hivyo. Alikusanya foto za wachezaji: za kukata magazetini, za kununua mjini siku za mechi, na kipicha kimoja cha kubandika, cha albamu ya Panini ya 1974. Zote ziko ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Sasa kijana mmoja wa pikipiki amekuja kutaka mkebe mzima, kwa bei ya mfuko mmoja wa unga. Mama ana wajukuu wawili wa kulipia shule. Akatuuliza: niuze?

Tuligawanyika. Mmoja wetu alisema karatasi hailiwi, auze. Wengine tukasema, tuone kwanza.

Tulizimwaga mezani. Foto moja imeandikwa Pierre Kalala, TP Englebert. Nyingine, Kalala Mukendi, TP Mazembe. Wasichana walidhani ni watu wawili! Mama alicheka mpaka machozi. Ni yuleyule: mwaka 1972 majina ya Kizungu yalikatazwa, na timu nayo ilibadilisha jina lake. Ndiye aliyefunga bao la pekee Addis Ababa mwaka 1968, tulipoishinda Ghana na kuchukua Kombe la Afrika mara ya kwanza. Akatuonyesha Kazadi, kipa. Akatuonyesha Bwanga, mchezaji bora wa Afrika wa 1973. Mama hasomi vizuri, anawatambua kwa uso. Pale nyumbani hakuna mwingine anayewajua. Wajukuu wanajua Messi.

Dada yetu mwenye mtoto Marekani akatueleza jambo. Huko wachezaji weusi wa besiboli walikuwa na ligi zao, maana timu kubwa za wazungu ziliwafungia mlango mpaka 1947. Kadi za wachezaji zilizouzwa madukani hazikuwa na sura zao. Nyingine zilichapwa Cuba na Puerto Rico, walikokwenda kucheza miezi ya baridi, na leo watu wanazitafuta kwa pesa nyingi. Sisi tulimpenda zaidi Effa Manley, mwanamke aliyeendesha timu ya Newark Eagles pamoja na mume wake, na aliyekuwa akihifadhi vipande vya magazeti vya timu yake. Mwaka 2006 akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa kati ya mashujaa wa besiboli.

Basi mama aliamua mwenyewe. Mkebe hauuzwi. Zile zilizo mbilimbili atauza moja moja, baada ya kuuliza bei kwa watu wawili Lubumbashi. Na kabla ya yote, majina yaandikwe. Alitaja, tukaandika nyuma ya kila foto kwa kalamu ya risasi (biki inapenya karatasi), mpaka jua likazama. Mlio na foto za zamani, msizibandike kwa gundi, na msiziweke jikoni karibu na makala. Tano za mama zimekwisha kuliwa na mchwa.

Moja tu imebaki bila jina. Ni kijana mrefu, amekaa juu ya mpira, ana kovu juu ya jicho. Mama ametuazima. Kama baba yako au mjomba wako alicheza Likasi miaka ile, njoo mkutano wa Jumanne umwangalie.