Kutoka Mpanda hadi Karema kwa Gari Kuukuu

Mpanda ni mji uliozaliwa na risasi. Sisemi risasi ya bunduki, nasema madini. Tawi la reli kutoka Kaliua lililetwa huku mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini hayo, na ingawa mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ilibaki na mji ukabaki. Tangu mwaka 2012 Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, na siku hizi lami yafika kutoka Tabora. Lakini, ndugu msomaji, mkoa huu ni mpana sana, na vijiji vyake vingi viko mbali na lami na mbali na reli pia. Huko chombo kichukuacho watu, dagaa, mahindi, na mgonjwa usiku wa manane, mara nyingi ni Land Cruiser kuukuu, iliyokwisha kutembea kilomita laki tatu au nne kabla ya kumfikia mwenye nayo wa sasa.

Mwezi wa Agosti mwaka 2022 nilipata nafasi katika gari la namna hiyo, kushuka Karema kando ya Ziwa Tanganyika. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Gari lilikuwa mali ya jamaa watano wa pwani ya ziwa waliochanga fedha wakalinunua limekwisha kutumika, na mita yake siku ile ilisoma kilomita 412,000 na kitu. Mimi nilidhani tutaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tuliondoka saa moja, kwa sababu mzee dereva alikuwa na kazi zake za kufanya, na hakuna abiria aliyethubutu kumharakisha.

Kwanza alifungua boneti injini ikiwa baridi. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakisoma. Oili ilikuwa nyeusi kama masizi, nami nikamwuliza kama haijaharibika. Akasema, "La, kijana wangu. Oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kuimwaga mpya. Weusi haunitishi. Kinachonitisha ni ikiwa kama chai ya maziwa, maana hapo maji yameingia ndani." Kisha akaonyesha daftari lake, daftari la shule la kurasa 48 lililofungwa kwa uzi, ambamo kila umwagaji wa oili umeandikwa tarehe yake na hesabu ya mita. Humwaga oili na kubadili filta yake kila kilomita 5,000, wala hasubiri zaidi kwa kuwa injini hiyo hunywa zaidi ya lita tisa na bei ni kubwa. Bei ya injini, alisema, ni kubwa zaidi.

Injini yenyewe ni ya dizeli, silinda sita, lita 4.2, ile mafundi waiitayo 1HZ, ambayo Toyota ilianza kuitia katika magari haya mwaka 1990. Watu wa huku waipenda kwa sababu pampu yake ya mafuta haiamrishwi na kompyuta, na fundi mwenye spana na akili aweza kuitengeneza chini ya mwembe. Lakini ina kitu kimoja kisichosamehe. Ndani ya kifuniko cha mbele umo mkanda wenye meno, taimingi belti, uzungushao valvu ziende sawa na pistoni. Mkanda huu haupigi kelele ukichoka. Siku ukikatika, valvu na pistoni hugongana, na safari imekwisha hapo hapo. Hubadilishwa kila kilomita 100,000. Wapo waendao hata 150,000, lakini hao ni wale wanaojua hakika ulibadilishwa lini. Mtu aliyenunua gari limekwisha kutumika hajui. Mita yaweza kurudishwa nyuma, na neno la mwuzaji ni neno la mwuzaji. Kwa hiyo wale jamaa watano, siku ya kwanza tu, kabla ya kupakia hata gunia moja, walibadilisha mkanda ule, filta zote tatu (ya oili, ya dizeli na ya hewa), na oili ya injini, ya giaboksi na ya difu mbili, ya mbele na ya nyuma. Wakaandika katika daftari ile hesabu ya mita, na tangu siku hiyo hesabu yao ni ya kweli. Fedha iliwauma, maana walikuwa wamekwisha kulipa gari. Mtu anunuaye gari kuukuu yampasa aweke kando fedha ya kazi hiyo kabla ya kulipa bei. Kama hana, basi bado hajaweza kununua gari.

Tukaondoka. Nje ya mji vumbi likaanza. Agosti huku ni katikati ya kiangazi. Mvua hukoma Aprili au Mei na hazirudi mpaka Novemba, na barabara ya changarawe husagika ikawa kama unga wa ngano. Gari la mbele hulioni, huona wingu tu. Miti ya miombo kando ya njia ilikuwa myekundu si kwa maua bali kwa vumbi, na mbung'o walitufuata wakijigonga vioo, maana mdudu huyu hukifuata kitu kikubwa kiendacho, akidhani labda ni nyati. Tulifunga madirisha tukawa tunaokwa kama mkate.

Vumbi hili, alisema mzee, ndilo linaloua magari ya Katavi, kuliko hata masika. Injini huvuta hewa nyingi sana, na filta ya hewa ikiwa na tundu dogo tu, au ikiwa haikukaa vema katika nyumba yake, vumbi huingia likasugua silinda na ringi za pistoni kama msasa. Baada ya hapo gari hula oili na kutoa moshi wa buluu, na hakuna dawa ila kuifungua injini yote. Yeye hutoa filta kila jioni ya safari ya vumbi. Huipuliza kwa upepo kutoka ndani kwenda nje, polepole, maana ukipuliza kutoka nje unalisukuma vumbi ndani ya karatasi. Kisha huweka tochi ndani yake gizani. Mwanga ukipenya kama nyota, filta hiyo ni ya kutupwa. Karatasi hiyo haioshwi kwa sabuni. Wapo waoshao, na magari yao huyaona gereji.

Katikati ya njia tulikuta gari jingine limesimama, boneti wazi, mvuke unatoka. Kivulini alikaa mama mjamzito na shangazi yake, nao walikuwa wakipelekwa hospitali ya Mpanda, na uchungu ulikuwa umekwisha kuanza. Bomba la mpira la rejeta lilikuwa limepasuka. Kijana dereva alikuwa na chupa ya maji mkononi, anataka kumimina pale pale katika rejeta ichemkayo. Mzee wetu alimshika mkono. Rejeta ya moto ukiifungua kifuniko hukurukia usoni. Tena maji baridi yakiingia ghafula katika chuma kilichoungua, silinda hedi hupinda au hupasuka. Tukangoja nusu saa. Katika sanduku lake mzee alikuwa na kipande cha mpira na klipu mbili. Akakikata, akakifunga, akajaza maji pole pole injini ikiwa imepoa. Aliuliza swali moja tu: mpira huu ulianza kuvimba lini? Kijana akasema, "Tangu Pasaka." Hakuna aliyesema neno. Mama yule alihamishwa? Hapana, maana sisi tulikuwa twaelekea upande wa pili, na gari lile liliwaka. Lakini mzee alimwagiza aende taratibu, macho kwenye kipimo cha joto. Siku tatu baadaye, tuliporudi, tulisikia kwamba walifika na mtoto alizaliwa mzima, wa kike.

Mpira ule wa rejeta ni kitu cha bei ndogo. Ukiubonyeza kwa vidole injini ikiwa baridi, utaujua: uliochoka huwa mlaini kama ndizi mbivu, au mgumu wenye nyufa. Nakumbuka nilijaribu kuukadiria muda wa kazi hiyo, nikaona haizidi dakika mbili.

Baadaye barabara ikaanza kushuka. Mpanda iko juu, zaidi ya mita 1,000 toka usawa wa bahari, na ziwa liko karibu mita 770, basi hapana budi ushuke. Mzee aliingiza gia ndogo akaiacha injini ishike gari, mguu wake ukigusa breki mara chache. Gari zito likishushwa kwa breki tupu, breki huchemka, na kama mafuta ya breki ni ya miaka mingi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na maji yakichemka ndani ya bomba, mguu huzama mpaka chini pasipo kitu. Yeye huyabadilisha kila miaka miwili.

Karema ni mahali pa kale, na kwa habari ya vyombo vya safari pana kisa cha ajabu. Mwaka 1879, Wabelgiji walipojenga kituo chao hapa, waliletwa tembo wanne wa Bara Hindi. Waliteremshwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, ili wachukue mizigo mpaka ziwani mahali pa wapagazi. Kiongozi wao aliitwa Kapteni Carter. Tembo mmoja tu ndiye aliyefika Karema, naye hakuishi muda mrefu, na walioandika habari zile hulaumu mizigo mizito na malisho yasiyowatosha. Carter mwenyewe aliuawa mwaka uliofuata huko Mpimbwe, katika vita. Kituo kilipewa Mapadre Weupe mwaka 1885. Hapa ndipo alipotibu watu Adrian Atiman, mganga aliyezaliwa Sudani ya Magharibi, nchi iitwayo leo Mali, akauzwa utumwani, akakombolewa, akasomea uganga Malta. Alitibu watu Karema kwa zaidi ya miaka 60 mpaka alipokufa mwaka 1956. Katika miaka yake mingi mgonjwa alifika kwa machela au kwa mtumbwi. Leo ipo pia bandari mpya, iliyojengwa kwa ajili ya mizigo ya kwenda na kutoka Kongo.

Jioni, upepo wa ziwa ukivuma na harufu ya migebuka ya kuchoma ikitujia, mzee hakwenda kula kwanza. Alilala chini ya gari na bomba la grisi, akatia grisi katika viungo vya propela, akakaza nati za magurudumu na za springi, maana njia iliyojikunja kama bati hulegeza kila kitu kifungwacho. Kisha akaweka kopo chini ya filta ya dizeli, akalegeza skrubu ya chini, akapampu kwa mkono. Yakatoka maji kwanza, kiasi cha kijiko, kisha dizeli safi. Dizeli iuzwayo kwa madumu huwa na maji, nayo maji ni mazito, hukaa chini. Yakiachwa, yataharibu pampu na nozeli, vitu vya gharama kubwa katika injini hii.

Nilimwuliza habari za masika. Alisema wakati huo taabu ni mito. Difu ikiwa ya moto ukaitumbukiza katika maji baridi, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili, kama vipumulio vyake vimezibwa na tope. Kwa hiyo yeye husimama ukingoni gari lipoe, na akisha kuvuka mto mkubwa hufungua skrubu ya difu kesho yake aone rangi ya oili. Mwezi wa Oktoba, kabla mvua haijaanza, hubadilisha oili za difu, husafisha vipumulio, huangalia beringi za magurudumu ya mbele, na hununua Mpanda filta mbili za akiba, mpira wa rejeta, na mkanda wa feni. Vitu hivyo hukaa ndani ya sanduku chini ya kiti, pamoja na daftari, na mtoto yeyote akilikalia sanduku hilo hufukuzwa.