Masanduku ya Umeme ya Bukundi

Tulipofika Bukundi, wilayani Meatu, mkoa wa Simiyu, vijana walitungoja baada ya sala ya alasiri na swali ambalo hatukulitazamia. "Maalim, kuna ubaya tukiyapaka rangi masanduku ya mita za umeme?" Wakatutolea karatasi yenye twiga, kwa mtindo wa marehemu Edward Saidi Tingatinga, ambaye mwaka 1968 alianza mjini Dar es Salaam kuchora juu ya mbao za dari kwa rangi ya baiskeli.

Picha ilipendeza, hatukatai. Lakini tuliwakumbusha ya kwamba Ibn Abbas (r.a.) alimwelekeza mchoraji kwenye miti na vitu visivyo na roho. Milango ya Unguja nayo imechongwa mitende, minyororo na maua (na samaki pia, twakiri). Kijana mmoja akasema, "Basi tutachora pamba." Pamba! Tulikuwa tumeipita njia nzima, wala haikutujia moyoni.

Tukawausia waombe ruhusa kwanza kwa wenye umeme, na alama ya hatari isifunikwe. Aliyemchora twiga, mtoto wa chuoni, aliikunja karatasi yake akaitia mfukoni bila ya kusema neno. Usiku ule hatukulala upesi.